Siku za kwanza Lisbon mkiwa wawili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Lisbon, mji mkuu wa Ureno, umejengwa juu ya vilima vinavyoteremka hadi mto Tejo, karibu na pale mto huo unapoingia Atlantiki. Wenyeji huvihesabu vilima saba. Maswali yaliyo hapa chini huulizwa zaidi na wanandoa wanaokwenda kwa fungate au kupumzika tu, na majibu mengi yanategemea jambo moja: siku za mwanzo, pangeni matembezi kwa kuangalia mwinuko, si umbali. Pandeni kwa chombo, shukeni kwa miguu. Ramani ya simu itawaambia mmebakiza mita mia nne, lakini haitawaambia kwamba mita hizo zote ni ngazi.

Tulale upande gani wa mji?

Kwa siku za kwanza, Baixa. Ni bonde tambarare lililobanwa na vilima viwili: mashariki kilima cha ngome ya São Jorge, magharibi kile cha Chiado na Bairro Alto. Mitaa yake imenyooka kwa sababu ilichorwa upya yote kwa mara moja. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wengi wakiwa makanisani, tetemeko liliubomoa mji. Baadaye mawimbi makubwa yakapanda kutoka mtoni, kisha moto ukawaka kwa siku kadhaa. Waziri wa mfalme, ambaye baadaye alipewa cheo cha Marquês de Pombal, aliamuru Baixa ijengwe upya, na ndani ya kuta za nyumba mpya zikafichwa fremu za mbao ili zihimili mtikisiko. Ndiyo maana leo mnaweza kutoka uwanja wa Rossio hadi ukingo wa mto bila kupanda hata kidaraja kimoja. Mkirudi hotelini jioni na miguu imewaka moto, mtashukuru.

Alfama, mtaa mkongwe ulio kwenye mteremko wa kilima cha ngome, inavutia zaidi machoni, na watu wengi hutaka kulala huko. Sikatazi, ila kabla ya kulipa muulizeni mwenye nyumba kama kuna lifti, chumba kiko ghorofa ya ngapi, na teksi inaishia wapi. Nyumba kongwe nyingi hazina lifti, na vichochoro vingi havipitiki kwa gari, kwa hiyo sanduku la kilo ishirini na tatu mtalibeba wenyewe kwenye ngazi za mawe. Bairro Alto nako ni pazuri mchana, ila usiku baa zake hazilali, na ninyi hamtalala.

Kuna kodi ya watalii?

Ipo. Tangu Septemba 2024 ni euro 4 kwa kila mtu kwa kila usiku, na haihesabiwi zaidi ya usiku saba mfululizo. Mkiwa wawili ni euro 8 kwa usiku. Mara nyingi haimo kwenye bei mliyolipa mtandaoni, hivyo msishangae mkidaiwa mapokezi.

Tukitua, tunafikaje mjini?

Metro ina kituo palepale uwanja wa ndege, kwenye njia nyekundu. Shukeni Alameda, hamieni njia ya kijani, kisha mshuke Rossio au Baixa-Chiado. Nunueni kadi ya Navegante kwenye mashine. Kadi yenyewe ni senti 50 za euro, na unaijaza nauli. Kila mtu lazima awe na yake. Wanandoa wengi hukwama hapa: mume anapita, kisha anamrudishia mkewe kadi ileile, na mlango unakataa. Tiketi ya saa 24 inayotumika kwenye metro, mabasi na tramu za mjini hulipa haraka kwenye mji wa vilima, kwa kuwa mtapanda chombo hata kwa safari fupi ambayo kwingine mngetembea.

Metro hufanya kazi kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa saba usiku. Mkitua baada ya hapo, chukueni teksi.

Siku ya kwanza tufanye nini?

Msipande popote. Teremkeni Rua Augusta, mpite chini ya tao lake kubwa, mtokee Praça do Comércio, uwanja mpana uliofunguka upande wa mto. Mbele yake kuna ngazi za mawe zinazoingia majini, Cais das Colunas, ambapo watu hukaa kutazama vivuko vikienda na kurudi. Kaeni hapo. Kuleni mapema, laleni.

Saa hazitawasumbua sana wanaotoka Afrika Mashariki: Lisbon iko nyuma kwa saa tatu wakati wa baridi na saa mbili wakati wa kiangazi. Kinachowachanganya watu ni jua. Mwezi wa Juni linazama baada ya saa tatu usiku, na mtu aliyezoea magharibi ya saa kumi na mbili na nusu hujikuta bado anazunguka mitaani huku mwili unalia. Desemba ni kinyume, giza linaingia kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Ngome iko juu kabisa. Tunaifikiaje bila kuchoka?

Hapa ndipo kanuni ya kupanda kwa chombo inapofanya kazi vizuri kuliko mahali pengine popote mjini, na wageni wengi hawaijui njia yenyewe.

Kwenye Rua dos Fanqueiros, ndani ya Baixa, kuna jengo la kawaida lenye lifti ya umma ya bure. Ingieni, pandeni, mtatokea Rua da Madalena, mtaa wa juu yake. Vukeni barabara, tembeeni kidogo hadi Chão do Loureiro, lilikokuwa soko na sasa kuna maegesho ya magari na duka kubwa la vyakula. Humo kuna lifti ya pili, nayo bure, inayowatoa juu kwenye Costa do Castelo. Kuanzia hapo mnabakiwa na mwinuko mfupi hadi lango la ngome. Lifti mbili hizi huokoa sehemu kubwa ya kilima. Zikiwa mbovu, basi namba 737 huondoka Praça da Figueira na kufika karibu na lango.

Nendeni asubuhi mapema, kabla foleni ya tiketi haijakuwa ndefu. Ngome hiyo ilikuwa mikononi mwa Waislamu mpaka mwaka 1147, ilipozingirwa kwa miezi kadhaa na kutekwa na mfalme Afonso Henriques akisaidiwa na wapiganaji wa msalaba waliokuwa safarini kwenda Mashariki. Leo tausi wanatembea huru chini ya misonobari, na kutoka kwenye kuta mnauona mpangilio wote wa mji: bonde la Baixa, kilima cha pili ng'ambo yake, mto, na daraja jekundu la 25 de Abril lililofunguliwa mwaka 1966. Mkishaitazama Lisbon kutoka hapo, ramani yake hukaa kichwani, na hamtaitegemea tena simu kila kona.

Kisha shukeni kwa miguu. Piteni Portas do Sol, msimame Santa Luzia, viwanja viwili vya kutazamia mji. Kwenye ukuta wa nje wa kanisa la Santa Luzia kuna picha mbili za vigae vya rangi ya buluu: moja inaonyesha kutekwa kwa ngome mliyotoka, nyingine inaonyesha Praça do Comércio ilivyokuwa kabla ya tetemeko. Wengi hupiga picha ya mto na kuvipa vigae hivyo mgongo. Baada ya hapo ingieni kwenye ngazi za Alfama, mfuate mteremko. Hamwezi kupotea kwa maana ya kweli, kwa sababu kila njia inayoshuka huishia karibu na mto.

Tramu namba 28 ni lazima?

Si lazima, ila ni nzuri mkiipanda kwa wakati wake. Inatoka Martim Moniz, inapanda Graça, inapita Alfama na kanisa kuu, inavuka Baixa, inapanda tena Chiado, inafika Estrela na kuishia Campo de Ourique. Magari yake madogo ya njano ni ya miaka ya 1930, na hayakuachwa kwa ajili ya watalii tu: kuna kona na miinuko humo ambayo tramu ndefu za kisasa haziwezi.

Saa nne asubuhi mwezi wa Julai, foleni ya Martim Moniz inaweza kula nusu ya siku yenu. Nendeni kabla ya saa mbili na nusu, au anzeni upande wa pili, Campo de Ourique, ambako foleni huwa nafuu. Nauli ya kulipa ndani ni ghali kuliko ya kadi. Namba 12 huzunguka kilima cha ngome kwa magari yaleyale na watu wachache zaidi, na namba 24 hutoka Praça Luís de Camões kupitia Príncipe Real.

Nawaomba jambo moja kwa dhati. Hii ni tramu ya watu wanaoishi huko juu. Akiingia bibi na mfuko wake wa sokoni, mpisheni kiti, kama mngefanya nyumbani. Ngazi za Graça yeye huzipanda mwaka mzima.

Vipi vile vigari vya reli vinavyopanda mlima? Tulisikia kulitokea ajali.

Ni kweli. Tarehe 3 Septemba 2025 kigari cha Glória, kilichokuwa kikiunganisha Restauradores na Bairro Alto tangu mwaka 1885, kiliachiwa na waya uliokuwa ukikishikilia, kikateremka kwa kasi na kugonga jengo. Watu 16 walifariki, wenyeji na wageni pamoja. Baada ya hapo mji ulisimamisha pia vigari vingine vya aina hiyo ili vikaguliwe. Kabla ya kupanga siku yenu kwa kutegemea Glória, Bica au Lavra, ulizeni hotelini kama kinafanya kazi, na ulizeni pia kuhusu lifti ya chuma ya Santa Justa.

Kupanda upande huo wa mji hakuhitaji vigari hivyo. Kituo cha metro cha Baixa-Chiado kina mlango mmoja chini, Baixa, na mwingine juu, Largo do Chiado, na kati yake kuna ngazi za umeme ndefu, moja baada ya nyingine. Ingieni chini, mtokee juu. Kutoka hapo mwinuko hadi bustani ya São Pedro de Alcântara ni wa wastani.

Kuhusu Santa Justa, iliyofunguliwa mwaka 1902 na yenye urefu wa mita 45: foleni yake ni ndefu, na mandhari yake mtayapata kwa kutembea hadi Largo do Carmo na kutoka kwenye baraza za nyuma ya kanisa. Kanisa lenyewe la Carmo halina paa tangu tetemeko. Matao yake yamebaki yakishikilia anga. Kwenye uwanja huohuo, tarehe 25 Aprili 1974, askari walizingira kambi alimokimbilia waziri mkuu Marcelo Caetano mpaka akajisalimisha, na utawala wa kidikteta wa karibu nusu karne ukaanguka. Mapinduzi yale yaliharakisha pia uhuru wa Msumbiji, mwaka 1975. Mtanzania yeyote anayekumbuka makambi ya FRELIMO ana sababu ya kusimama pale kidogo.

Mwenzangu ana magoti mabovu, mimi napenda kutembea. Tutawezana?

Mtawezana, ila kanuni yangu ibadilisheni kidogo, kwa kuwa kwa magoti mabovu kushuka ngazi ndiko kunakoumiza zaidi. Mwenye magoti apande na kushuka kwa chombo: 737 hadi ngome, kisha 12 au 28 kutoka Portas do Sol kurudi bondeni. Anayependa kutembea achukue ngazi, na mkutane mahali mlipokubaliana. Portas do Sol panafaa: kuna viti, kuna kahawa, tramu inasimama hapo.

Mkiwa mnatembea pamoja, mwenye mwendo wa polepole atangulie. Mume wangu ana hatua ndefu, na tangu tulipokubaliana kuwa mimi ndiye nitakayeongoza kwenye miinuko, hakuna aliyemsubiri mwenzake kwa uso uliokunjwa. Kutembea nyuma ya mtu anayekimbia mji mzima huondoa raha yote ya fungate. Na msione haya kusimama. Mji huu una viwanja vya kupumzikia kila baada ya mpando, wenyewe huviita miradouro, na karibu kila kimoja kina kibanda cha kahawa.

Bajaji zipo pia, nyingi zikiwa za umeme, lakini ni za utalii na bei yake si ya Kariakoo. Patananeni bei na njia kabla ya kupanda.

Tuvae viatu gani?

Raba zenye soli inayoshika. Njia za miguu zimetandazwa vijiwe vya chokaa vyeupe, na vingine vyeusi vilivyopangwa kwa michoro. Uwanja wa Rossio umechorwa mawimbi. Vijiwe hivi vimelainishwa na miguu ya watu kwa miaka mingi, na vikilowa huteleza sana. Kati ya Novemba na Februari mvua ni ya kawaida. Sandali za ngozi na viatu vya kisigino viacheni kwa chakula cha jioni cha Baixa. Anayevaa dera au buibui refu alifupishe kidogo, maana kwenye ngazi za Alfama mikono inatakiwa kushika ukuta.

Huyo Vasco da Gama aliyezikwa Belém ndiye yule wa Malindi?

Ndiye. Belém iko magharibi mwa mji, kando ya mto, na ni tambarare. Iwekeni siku ya tatu, miguu inapodai mapumziko. Tramu 15 huwafikisha kutoka Praça da Figueira au Cais do Sodré. Kaburi lake liko ndani ya kanisa la Jerónimos, karibu na mlango, likitazamana na la mshairi Camões. Msiende Jumatatu, monasteri hufungwa.

Aprili 1498 alifika Mombasa, akakosa kuaminiwa, akaendelea Malindi, ambako alipokelewa na kupewa rubani wa kumvusha hadi India. Nguzo ya Wareno bado iko Malindi. Jerónimos ilianza kujengwa miaka michache baadaye, kwa utajiri ulioanza kumiminika kutokana na biashara ya safari hizo.

Ila kitu ambacho kila Mswahili anayefika Lisbon anapaswa kukiona hakiko Belém tena. Kiko Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale, Rua das Janelas Verdes, katikati ya Cais do Sodré na Belém. Ni chombo cha dhahabu cha kuonyeshea Ekaristi, kinachoitwa Custódia de Belém, kilichotengenezwa na sonara Gil Vicente na kukamilika mwaka 1506. Chini wamepiga magoti mitume kumi na wawili, wadogo mno, kila mmoja na uso wake, wamepakwa rangi juu ya dhahabu. Watu husimama mbele yake wakisifu ustadi, na ustadi kweli upo.

Dhahabu hiyo ilitoka Kilwa. Mwaka 1502, katika safari yake ya pili, Vasco da Gama alitia nanga mbele ya Kilwa na mizinga yake, akamlazimisha mtawala, Amiri Ibrahim, kukubali kumlipa mfalme wa Ureno kodi ya dhahabu. Mfalme Manuel aliiagiza ifanywe chombo hicho, na katika wosia wake akakikabidhi kwa monasteri ya Belém. Mwaka 1505, kabla hata sonara hajamaliza kazi, meli za Francisco de Almeida zilirudi Kilwa zikauvamia mji na kuupora, kisha zikapanda hadi Mombasa zikaichoma.

Kwa hiyo mtakapokuwa pale, mnatazama mali ya Waswahili, ya mji uliokuwa ukipitisha dhahabu ya Sofala kwenda bahari yote ya Hindi. Mimi nilisimama kwa muda mrefu. Mwenzangu, aliyesoma habari za Kilwa shuleni kama orodha ya masultani na miaka, alisema hapo ndipo alipoelewa kilichochukuliwa. Aliyewahi kutembea kwenye magofu ya Husuni Kubwa au kuingia Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani asikubali kuondoka Lisbon bila kupita hapa. Ni jumba la utulivu, lina bustani ndogo inayotazama bandari, na pia hufungwa Jumatatu.

Na zile keki za Belém?

Pasteis za maziwa na mayai zinazouzwa pale Pastéis de Belém zimeokwa tangu mwaka 1837. Foleni mnayoiona nje mara nyingi ni ya wanaochukua na kuondoka. Ndani kuna vyumba vingi vya kukaa. Nyunyizieni mdalasini.

Tutawakuta Waafrika wenzetu?

Wengi. Nendeni Largo de São Domingos, kando tu ya Rossio, alasiri yoyote. Mtakuta watu wa Guinea-Bissau, Angola na Cape Verde wamesimama wakizungumza, wanawake wanauza karanga na vitu vya nyumbani, wazee wamevaa kanzu. Si mkusanyiko wa jana. Kwenye kanisa la São Domingos, tangu karne ya 16, kulikuwa na chama cha ibada cha watu weusi, wakiwemo watumwa, waliojiwekea mahali pa kuzikana na kuteteana.

Ingieni kanisani. Liliungua mwaka 1959, na waliolikarabati waliamua kutoficha majeraha: nguzo zimepasuka na kubanduka, kuta zina rangi ya moto, paa peke yake ndilo jipya. Nje kuna kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa na umati mwaka 1506, machafuko yaliyoanzia ndani ya kanisa hilohilo. Ninalipenda kuliko makanisa yote ya Lisbon yaliyopambwa kwa dhahabu.

Sisi ni Waislamu. Chakula na swala?

Msikiti Mkuu wa Lisbon uko karibu na Praça de Espanha, metro ya njia ya buluu. Ulifunguliwa mwaka 1985, na walioijenga jamii yake ni pamoja na Waislamu wengi wenye asili ya India waliohamia kutoka Msumbiji. Waismailia nao wana kituo chao kikubwa mjini tangu 1998. Aga Khan wa Nne alifariki Lisbon Februari 2025.

Chakula halali ni rahisi kupatikana mtaa wa Mouraria, hasa Rua do Benformoso, penye migahawa ya Wabangladeshi. Kwingineko ulizeni kila mara, kwa sababu nguruwe huingia hata pasipotarajiwa: supu ya kijani ya caldo verde huwekewa vipande vya soseji, na mkate wa bifana ni nyama ya nguruwe. Samaki ndio kimbilio lenu. Dagaa wakubwa wa kuchoma wa mwezi wa Juni, msimu wa sikukuu ya Santo António, wanatosha kuwa sababu ya safari. Sambusa mtaziona kwenye vioo vya mikahawa ya kawaida. Zilifika kupitia Goa na Msumbiji. Ulizeni nyama yake.

Mbona tumeletewa mkate na zeituni ambazo hatukuagiza?

Hizo huitwa couvert na zinalipiwa mkizigusa. Hamzitaki? Semeni kwa upole zirudishwe, hakuna atakayekasirika. Mchana ulizeni chakula cha siku, prato do dia, ni cha bei nafuu na hupikwa kikiwa kipya. Sehemu nyingi pia huuza nusu sahani, na nusu ya Wareno mara nyingi inamtosha mtu mmoja aliyeshiba asubuhi. Maji ya bomba ni salama.

Fado tuisikilizie wapi, na tufanyeje tukiwa huko?

Fado, uimbaji wa Kireno unaosindikizwa na magitaa, isikilizeni Alfama au Mouraria, kwenye nyumba ndogo. Mouraria ndiko alikoishi Maria Severa, mwimbaji aliyefariki mwaka 1846 akiwa na miaka ishirini na sita tu, na ambaye kila mwimbaji wa fado humtaja kama chanzo. Amália Rodrigues ndiye aliyeifikisha duniani. UNESCO iliiingiza kwenye urithi wa binadamu mwaka 2011.

Taa zikipunguzwa, nyamazeni kabisa. Hakuna kunong'ona, hakuna kugonganisha uma na sahani, na mhudumu mwenyewe husimama. Anayepiga gitaa la Kireno la nyuzi kumi na mbili anajibizana na sauti ya mwimbaji, na mkisikiliza majibizano hayo mtafuata wimbo hata bila Kireno. Mpenzi wa taarabu ya zamani, aliyezoea kumngojea mwimbaji ashushe neno huku fidla ikimvuta, atajisikia nyumbani haraka. Tofauti ni kwamba hapa hakuna anayeinuka kutunza. Mtapiga makofi wimbo ukiisha.

Wekeni nafasi mapema, na ulizeni kiwango cha chini cha matumizi kwa kila mtu. Mzikatae sehemu zinazowavuta kwa mkono mlangoni.

Tutazame wapi jua likizama?

Senhora do Monte, juu ya Graça. Ndicho kiwanja cha juu kuliko vyote vya kati ya mji, na kutoka hapo ngome yenyewe iko chini yenu. Pandeni kwa 28 hadi Graça, mmalizie kwa miguu. Chukueni koti jepesi hata Agosti, upepo wa Atlantiki huingia jioni.

Je, kuna wezi?

Wa mifukoni, ndiyo, hasa ndani ya 28 na kwenye ngazi za umeme za metro. Simu isikae mfuko wa nyuma, begi la mgongoni ligeuzeni mbele. Baixa mtanong'onezwa na vijana wanaouza kitu wanachokiita bangi. Endeleeni na safari bila kujibu. Kwa dharura yoyote piga 112.

Sintra tuiweke lini?

Si katika siku tatu za mwanzo. Ni mji mwingine wenye vilima vyake, vikali kuliko vya Lisbon, na watu wengi huenda siku ya pili wakiwa bado hawajapona uchovu wa ndege. Treni huondoka kituo cha Rossio na huchukua kama dakika arobaini. Tiketi ya jumba la Pena nunueni mtandaoni kabla, kwa kuwa mnaingia kwa saa iliyoandikwa, na ukifika kituo cha Sintra bado kuna basi la kupanda hadi juu. Jipeni nusu saa ya ziada kwa basi hilo.